Saa 48 Kabla ya Mabomu ya Machozi

Februari 20, 2024, CHADEMA iliandamana jijini Mbeya. Watu walitembea barabarani na mabango ya kulalamikia ugumu wa maisha na miswada ya sheria za uchaguzi, polisi wakawasindikiza, na shughuli ikaisha salama. Agosti mwaka huohuo mambo yakageuka. Baraza la vijana la chama hicho lilikuwa limeitisha kongamano la Siku ya Kimataifa ya Vijana katika viwanja vya Ruanda Nzovwe. Siku moja kabla, polisi wakalipiga marufuku. Viongozi wa chama Tundu Lissu, John Mnyika na Joseph Mbilinyi, maarufu Sugu, walikamatwa, na Freeman Mbowe akakamatwa baadaye. Mabasi ya vijana yalizuiwa njiani. Polisi wenyewe walitangaza kwamba waliokamatwa walifika 520.

Kwa hiyo jiji ni lile, chama kile na jeshi la polisi ni lile, tena ndani ya mwaka mmoja. Mkazi wa Mbeya hakuwa mpole Februari akageuka mkorofi Agosti. Tofauti ilianza siku kadhaa kabla ya mtu yeyote kufika uwanjani, katika barua, matangazo na maandalizi ya pande mbili, na mtu aliyekuwa akifuatilia aliweza kuiona ikija. Kijitabu hiki kinahusu siku hizo za kabla. Kimeandikwa kwa ajili ya mwenye duka Kabwe, mama lishe wa Mwanjelwa, mzazi wa Kihesa kule Iringa mwenye mtoto chuoni, kiongozi wa chama ngazi ya kata, na pia askari anayepangiwa zamu asiyopenda.

Barua na jibu lake

Dalili ya kwanza iko kwenye karatasi. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, inamtaka anayeandaa mkutano au maandamano kumpa taarifa ofisa wa polisi wa eneo hilo si chini ya saa 48 kabla, akieleza mahali, muda na lengo. Akishatoa taarifa anaweza kuendelea na mpango wake, isipokuwa apokee amri ya kumzuia. Na ofisa hatoi amri hiyo kwa kuwa tu hapendi chama fulani. Ni lazima aridhike kwamba mkusanyiko unaelekea kuvunja amani, kuhatarisha usalama wa umma au kutumika kwa jambo lisilo halali. Asiyekubaliana na amri anaweza kukata rufaa kwa Waziri.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani mwandaaji aliomba kibali, na kibali kilitolewa au kunyimwa bila maelezo mengi. Aliyekwenda mahakamani kuupinga utaratibu huo alikuwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini, Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, enzi hizo ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa. Katika kesi namba 5 ya mwaka 1993, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, alikubaliana naye kwamba sharti la kibali linaua uhuru wa kukusanyika unaolindwa na Ibara ya 20 ya Katiba. Hata hivyo bado wapo viongozi wa mitaa wanaomuuliza mwandaaji, "Kibali kiko wapi?" Swali hilo peke yake limekwisha kuzua mabishano mengi.

Anayetaka kukadiria kama kutakuwa na mapambano aangalie kwanza tarehe ya jibu. Amri ya kuzuia ikitolewa mapema, yenye sababu za kueleweka, mwandaaji hupata muda wa kukata rufaa, kubadili uwanja au kusogeza siku. Ikitolewa jioni ya mkesha, wakati watu wa wilayani wamekwisha kupanda magari, haizuii mkusanyiko. Inauhamishia barabarani, stendi na mbele ya vituo vya polisi, kusiko na jukwaa, kipaza sauti wala kiongozi wa kusema "tuondoke". Sababu nazo zina uzito wake. Maneno "taarifa za kiintelijensia" yamezoeleka masikioni mwa Watanzania kama salamu ya mtangazaji wa redio, na marufuku isiyo na maelezo zaidi ya hayo huwafanya wafuasi waamini wanaonewa tu. Mwaka 2024 polisi walikwenda mbele kidogo na kutaja ghasia za Kenya za mwezi Juni, pale waandamanaji vijana walipoingia bungeni Nairobi. Kama hoja ilikuwa nzito au nyepesi, hiyo ni mada nyingine. Cha kuzingatia kwa anayetabiri ni kwamba polisi anayemwona kijana wa Mbalizi kama mwandamanaji wa Nairobi atamkabili kama wa Nairobi.

Nyololo

Nyololo ni kijiji cha kando ya barabara kuu ya Zambia, wilayani Mufindi, kati ya Mafinga na Makambako. Septemba 2, 2012, CHADEMA walifika pale kufungua tawi. Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza Agosti 26 ilikuwa imeongezewa siku, na polisi walisema shughuli za siasa zisubiri imalizike. Chama kiliona kufungua tawi si mkutano wa hadhara. Mabishano yalifanyika papo hapo, mbele ya umati, askari wakiwa tayari na silaha mikononi. Jioni ile Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa chama cha waandishi wa habari mkoani Iringa, aliuawa kwa bomu la machozi alilofyatuliwa akiwa amezingirwa na askari.

Picha yake akiwa amezingirwa, iliyopigwa muda mfupi kabla, ilichapishwa magazetini, na nchi nzima ikaiona. Ziliundwa kamati na tume kadhaa. Serikali iliunda yake chini ya Jaji mstaafu Stephen Ihema, Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri wakafanya uchunguzi wao, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ikatoa ripoti yake. Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja miaka 15 jela kwa kuua bila kukusudia.

Nyololo inafundisha mambo mawili ambayo hayasemwi vya kutosha. La kwanza ni kwamba kijiji hakikuwa kikijulikana kwa fujo. Wanaodhani hatari iko mijini tu, penye vijana wengi na maduka ya kuvunja, wameisahau. Ugomvi wa tafsiri, kwamba hiki ni mkutano wa ndani au wa hadhara, unatosha kuleta maafa popote kama haujamalizwa ofisini. Pili, bomu la machozi huua. Watu huliita silaha nyepesi na hata askari hulichukulia hivyo, ila mkebe wake ni chuma kinachotoka kwa kasi. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2020 kuhusu silaha zisizokusudiwa kuua unasisitiza kwamba usifyatuliwe kuelekea mwilini mwa mtu.

Machinga wa Mwanjelwa, wa Mashine Tatu

Si kila mapambano huanza na chama. Novemba 2011 Mbeya iliwaka kwa siku mbili baada ya operesheni ya kuwaondoa wafanyabiashara wadogo barabarani Mwanjelwa. Soko lao lilikuwa limeungua tangu 2006 na ujenzi ulikuwa ukisuasua, hivyo aliyefukuzwa barabarani hakuwa na pa kwenda. Barabara kuu ilifungwa kwa mawe na matairi, risasi na mabomu vikalia, hata wanajeshi wa JWTZ wakaonekana mitaani. Ghasia zilipoa Sugu, wakati huo mbunge wa jiji, alipofika na kuzungumza na vijana.

Mei 2013 ikawa zamu ya Iringa, eneo la Mashine Tatu, kwa sababu ileile ya machinga na mahali pa kuuzia. Safari hiyo mbunge, Mchungaji Peter Msigwa, hakutumiwa kutuliza watu. Alikamatwa kwa tuhuma za kuwachochea.

Anayesoma dalili ajiulize basi: nani ana sauti ambayo vijana hawa wataisikiliza, na je, yuko huru kuitoa? Kumkamata mapema mtu wa aina hiyo huonekana kituoni kama kukata kichwa cha fujo, lakini mara nyingi ni kuwaacha watu elfu moja bila mtu wa kuongea naye. Na ikiwa mji una donda jingine bichi, bomoabomoa, ushuru, soko lililoungua, maandamano ya siasa yatalikanyaga donda hilo hata kama hayakulitaja.

Dalili za mtaani

Mkazi asiyeona barua za chama wala za polisi ana macho yake. Magari ya FFU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, ya namba zisizozoeleka yakiingia kutoka mikoa mingine, askari wasioijua mitaa wamekuja. Askari wa kituo cha jirani huwajua vijana wa Ilomba kwa majina, na huweza kumwambia mmoja wao "wewe nenda nyumbani" akaenda. Mgeni hana njia hiyo. Mabasi yakisimamishwa na kupekuliwa Makambako au Igawa, habari hufika Mbeya kabla ya abiria, ikiwa imeongezewa chumvi. Viongozi wa pande zote mbili wakianza kuapa hadharani, huyu "iwe mvua iwe jua" na yule "atakayethubutu atajuta", kila mmoja amejifungia mlango wa kurudi nyuma.

Zaidi ya yote, mkazi atazame mahali penyewe. Maandamano yanayopita Kabwe na Mwanjelwa saa sita mchana yanapita katikati ya watu wanaonunua vitunguu, wanaoshuka kwenye daladala, wanaotoka kliniki. Hawa ndio huumia bila kujua kilichotokea. Februari 16, 2018, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alipigwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni, Dar es Salaam, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA. Hakuwa akiandamana.

Ndiyo maana maandalizi ya familia huanza jana yake. Wazee na watoto wenye pumu wakae mbali na njia ya msafara, na dawa yao ya kuvuta iwe mfukoni. Dukani, mlango wa nyuma usizibwe kwa magunia. Wazazi na vijana wakubaliane kwa mdomo mahali pa kukutana, kwa sababu simu haziaminiki siku hiyo. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, Mbeya ikiwa miongoni mwa miji iliyokumbwa na ghasia, intaneti ilizimwa nchi nzima na watu wakabaki hawajui ndugu zao wako wapi.

Moshi wa mabomu ya machozi ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Iringa mjini ni mji wa kilimani, na anayekimbilia mabondeni kuelekea Ipogolo anaweza kuwa anaufuata uleule anaoukimbia. Ni heri kutazama upepo unakotoka na kupanda upande huo. Macho hayafikichwi, huoshwa kwa maji safi mengi. Mkebe usishikwe, ni wa moto na unaunguza. Mbeya wakati wa baridi watu hufunga milango na madirisha, na moshi ukishaingia ndani hukaa. Ukiingia, kila mtu atoke na nyumba ipitishwe hewa.

Kwa upande wa askari, Kanuni ya Adhabu inaweka hatua ya ilani, yaani amri ya kutawanyika inayotolewa kwa jina la Rais kwa watu waliokusanyika kwa fujo, wakapewa muda wa kutosha wa kuondoka kabla ya nguvu kutumika. Ilani isiyosikika safu za nyuma haimsaidii mtu. Kipaza sauti kizuri na njia moja iliyoachwa wazi ya kutokea hutawanya watu haraka kuliko mkebe unaorushwa katikati yao huku pande zote nne zimefungwa.

Jioni yake

Aliyejeruhiwa vibaya apelekwe hospitali kwanza, iwe ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya Mkoa Iringa, na ndugu mwingine afuatilie fomu ya PF3 kituoni. Aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa kosa lake na kuwasiliana na wakili au ndugu. Kwa makosa yanayodhaminika, sheria inataka aachiwe kwa dhamana au afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Dhamana ya polisi hailipiwi. Ndugu waandike saa waliyofika, kituo, na walichojibiwa, na wasiishie kituo cha kwanza. Katika kamatakamata ya Agosti 2024 watu walikamatwa maeneo mbalimbali, na wengine walipoachiwa walisafirishwa kurudishwa mikoa waliyotoka, hivyo aliyewatafuta Mbeya peke yake angeweza kuwakosa. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo katika wilaya nyingi na huduma yao ni bure. Malalamiko dhidi ya askari hupokelewa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na yanakuwa na nguvu zaidi yakiambatana na cheti cha daktari, picha zenye tarehe, na majina ya walioona.