Kubadilisha Msasa wa Mashine ya Sahani: Kazi Yote Iko Kwenye Usafi

Mashine ya msasa wa sahani haina mambo mengi: mota, sahani ya alumini inayozunguka, na meza mbele yake. Haina meno ya kunoa wala kisu cha kupanga. Ukataji wake wote unategemea namna karatasi ya msasa ilivyokaa kwenye ile sahani, na hapo ndipo mafundi wengi wanapolipua kazi. Wanabandika haraka haraka ili warudi kwenye oda ya mteja, halafu wanailaumu mashine kwa kuunguza mbao.

Nianze na swali ninaloulizwa sana na vijana karakanani: utajuaje kwamba msasa umekwisha? Usiangalie rangi yake. Angalia mikono yako. Ukiona umeanza kuegemea mbao ili ikubali kuliwa, msasa umechoka. Ukiona miisho ya mninga inatoka na michirizi myeusi ilhali hukukaa sehemu moja, umechoka. Lakini kabla hujaubandua, usafishe kwanza, maana mara nyingi haujafa, umeziba tu. Paini ni bingwa wa kuziba msasa kwa utomvu wake, na mtiki una mafuta yanayoshika vumbi. Washa mashine, chukua kipande cha raba asilia, ile ya rangi ya asali ya soli za viatu vya zamani, uipitishe taratibu kwenye msasa. Vumbi lililoganda litatoka na raba. Zima, subiri isimame kabisa, kisha gusa msasa kwa kidole. Kama bado unakwaruza, endelea na kazi. Kama unateleza, sasa badilisha.

Msasa wa gundi, ule wenye karatasi ya kubandua nyuma, hautoki vizuri ukiwa baridi. Ukiuvuta hivyo, karatasi inachanika na kuacha nusu yake kwenye sahani. Dawa ni joto. Mimi husugua kipande cha mbao ngumu kwenye msasa uleule mzee kwa muda mfupi, nikikihamisha kutoka katikati hadi pembeni, mpaka sahani ipate uvuguvugu. Draya ya saluni nayo inafaa. Baada ya hapo chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu utakuwa umeinama na mikono yako yote miwili iko kwenye sahani. Ondoa meza kama mashine yako inaruhusu. Inua ukingo mmoja wa msasa kwa kucha au ncha ya kisu, kisha uvute polepole ukiukunja kuurudisha nyuma, usiuvute kuuelekeza kwako. Ukikaza kidogo kidogo, gundi nyingi itaondoka nao.

Sasa tunafika kwenye kazi yenyewe, kusafisha sahani. Gundi inayobaki ikwangue kwa skrepa iliyolazwa, si kwa ncha ya tindo, kwa sababu alumini ni laini na kila mkwaruzo utakaa hapo miaka yote. Kisha lowesha tambara kwa thina, pakaza, acha kidogo ilainike, futa. Rudia mpaka tambara litoke bila rangi. Wengine hutumia mafuta ya taa, na ni kweli yanalainisha gundi, lakini yanaacha utando wa mafuta, na msasa mpya hautashika juu yake. Ukilazimika kuyatumia, malizia kwa spiriti. Thina na spiriti vinashika moto upesi, kwa hiyo fungua madirisha, weka matambara mbali, na usiwashe mashine mpaka harufu iishe.

Sahani ikikauka, fumba macho uipitishie yote ncha za vidole, kutoka kitovuni hadi ukingoni. Nasema fumba macho kwa sababu vidole vinaona kitu ambacho macho hayakioni. Punje moja ya gundi iliyoganda, ndogo kuliko mbegu ya ufuta, itainua msasa mahali pake. Mashine ya inchi 12 yenye mota ya mizunguko 1,400 kwa dakika inaupeleka ukingo wa msasa karibu mita 22 kila sekunde. Kile kivimbe kitaigonga mbao mara 1,400 kwa dakika, palepale. Kitapata joto kabla ya sehemu nyingine, chenga zake zitaisha mapema, na mwishowe karatasi itachanika kuanzia hapo. Alama nyingi za mawimbi ninazoziona kwenye kazi za watu zinatokana na punje kama hiyo.

Kubandika kwenyewe ni kwa muda mfupi kama sahani ni safi. Usitoe karatasi yote ya nyuma kwa mara moja, maana gundi ikishagusa sahani vibaya huwezi kuisogeza. Bandua nusu, ikunje. Linganisha ukingo wa msasa na ukingo wa sahani kwa ile nusu ambayo bado ina karatasi, ishike kwa mkono mmoja, kisha bonyeza nusu iliyo wazi kuanzia katikati kuelekea nje. Rudi, vuta karatasi iliyobaki kidogo kidogo huku kiganja kinafuata nyuma yake. Upepo ukinaswa hauna pa kutokea, kwa hiyo usiache mapengo nyuma ya mkono wako. Malizia kwa kusugua uso wote kwa kipande cha mbao chenye kona za mviringo, ukikaza zaidi pembezoni. Msasa ukizidi sahani, ukate kwa wembe.

Wako wanaokata misasa yao kutoka kwenye rola la kitambaa na kubandika kwa gundi ya viatu. Inawezekana: paka pande zote mbili kwa wembamba, subiri isinate kidoleni, ndipo ukutanishe. Lakini kutoa ni shughuli pevu, na kama rola ni jembamba kuliko sahani, usithubutu kuunga vipande viwili. Ile ya velkro nayo hutoka kwa sekunde, ila ina mto laini chini yake, na mto huo unaviringisha kona za mbao. Kwa viungo vinavyotakiwa kukutana bila mwanga kupita, mimi nachagua gundi.

Rudisha meza, acha nafasi ya milimita moja na nusu hivi kati yake na msasa, zungusha sahani kwa mkono uhakikishe haigusi popote, na pima nyuzi 90 kwa skwea. Pengo likiwa kubwa, kipande chembamba kinavutwa chini na kidole kinafuata. Rudisha plagi, simama pembeni, si mbele, uwashe na kuiacha izunguke kidogo. Ukisikia mlio wa kupigapiga, zima na utafute ukingo ulioachia.

Fanyia kazi upande ambao msasa unashuka kuelekea mezani. Kwenye mashine nyingi ni kushoto. Upande wa kupanda unainua mbao na kukurushia vumbi usoni. Na vumbi la mninga au mvule si la kuchezea: linawasha macho na kubana kifua. Vaa barakoa inayokaza, hata kwa kazi ya dakika tano. Mbao zenye misumari zisiguse mashine hii kabisa. Msumari unachana msasa, na cheche zake zikiangukia vumbi lililojaa chini, moto unaweza kufuka muda mrefu kabla hujauona.

Kwa kazi nyingi namba 80 inatosha. Namba 60 ni ya kula sana, 120 ni ya kumalizia. Zaidi ya hapo, sahani kubwa inaunguza, na heri umalizie kwa mkono. Misasa ya akiba ilaze bapa ndani ya mfuko uliofungwa, na uzito juu yake, kwa sababu unyevunyevu wa pwani unaikunja na kuchosha gundi. Na ile iliyobanduliwa usiitupe yote. Kitovu cha sahani kinakwenda polepole, kwa hiyo chenga za katikati huwa bado kali. Kata sehemu hiyo, ibandike kwenye kipande cha mbao kwa gundi yake yenyewe kabla haijapoa, utumie kulainisha kona.