Kuhesabu Pumzi: Udanganyifu wa Chuoni Unapofika kwa Mgonjwa

Katika vyuo vya tiba, udanganyifu unaozungumzwa zaidi ni ule wa chumba cha mtihani: karatasi iliyofichwa, simu iliyoingizwa kwa siri, kuigilizia majibu ya jirani. Huo una wasimamizi na kanuni zake. Anayebainika hufutiwa matokeo, na pengine hufukuzwa chuo. Mgumu zaidi kuubaini ni ule wa wodini, katika daftari la mafunzo kwa vitendo, ambamo mwanafunzi huorodhesha wagonjwa aliowapima kisha akaomba sahihi ya mkufunzi.

Chukua kazi ya kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 2 hadi 11 anapumua haraka akifikisha pumzi 50 kwa dakika. Wa miezi 12 hadi miaka 5, akifikisha 40. Huhesabiwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia na kifua kikionekana. Dakika hiyo ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mtoto hulia, mama humnyonyesha, hesabu huanza upya. Mwanafunzi aliyechoka huchungulia daftari la mwenzake na kuandika 36. Mkufunzi mwenye haraka hutia sahihi, na hapo lawama si ya mwanafunzi peke yake.

Siku hiyo haumii mtu, kwa kuwa daktari wa wodi amekwisha kumpima mtoto mwenyewe. Madhara huja baadaye, mhitimu anapopangiwa kituo kisicho na eksirei wala mtu wa kumuuliza, na nyenzo yake ya kuitambua nimonia ni macho na saa. Mtoto wa miezi 7 mwenye pumzi 58 huandikiwa dawa ya kikohozi. Mama huambiwa ni mafua. Amoksilini iliyomfaa siku ya kwanza huchelewa.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliwalinganisha madaktari 235 waliochukuliwa hatua na mabaraza ya udaktari na wenzao 469 wa vyuo vilevile. Kumbukumbu za mwenendo usiofaa enzi za uanafunzi zilihusiana na uwezekano wa takriban mara 3 wa kuadhibiwa, hasa kwa waliokithiri kukosa uwajibikaji na wasiojirekebisha. Alama ndogo nazo zilihusika, lakini kwa kiasi kidogo zaidi.

Wakufunzi wangefanya vyema kuupokea mstari mtupu wa daftari bila kugomba. Anayesema "huyu sijampima" anaweza kurudishwa kitandani akapime. Aliyebuni namba hajulikani anachokosa.

Mzazi naye ana haki ya kuuliza pumzi za mwanawe zilikuwa ngapi. Na hata akijibiwa kwamba ni za kawaida, mtoto akianza kubonyea kifua anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, arudishwe kituoni mara moja, usiku au mchana.