Diski isiyovuma karibu na maikrofoni

Swali: Nimegeuza chumba cha kulala kuwa studio ndogo. Nikirekodi sauti, diski ya nje iliyo mezani inasikika ikivuma. Ninunue ipi iliyo kimya?

Jibu: Nunua SSD. Haina sahani wala mota, basi hakuna cha kuvuma. Hiyo yako ni ya sahani, ambazo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mara nyingi meza ndiyo inayokuza mvumo. Ukiwa huna fedha bado, iweke juu ya kipande cha sponji (usiifunike, itapata joto) usikie tofauti.

Usibabaishwe na kasi zinazotangazwa kwenye boksi. Traki moja ya mono, biti 24 kwa kilohezi 48, hula kilobaiti 144 kwa sekunde. Traki 30 hazifiki hata megabaiti 5. Kagua kasha tu: lisiwe na feni, maana feni itakurudishia kelele uliyoikimbia.

Ile ya zamani itunzie nakala za kazi zilizokwisha, uichomoe unaporekodi. Saa nzima ya traki hizo 30 ni kama gigabaiti 16, kwa hiyo SSD ya gigabaiti 500 inakutosha kuanzia.