Mtoto wa paka ni dhima ya aliyemchukua

Waislamu wengi tunaijua Hadith ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Nionavyo mimi, tunaisimulia bila kuzingatia kosa lenyewe. Mwanamke yule alimfungia paka. Hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Sasa sisi tunaoishi ghorofani Kariakoo au Upanga, tukimpandisha mtoto wa paka ngazi na kufunga mlango, tumekwishamfungia. Hana pa kujitafutia. Kilichobaki ni kumlisha, na hapo ndipo wengi hukosea kwa nia njema.

Kwanza, hutengwa na mama yake mapema mno. Aachwe anyonye hadi wiki 8 hivi. Aliyeokotwa ana wiki 2 hawezi kujipasha joto, wala kukojoa bila kusaidiwa. Mama yake humlamba ndipo mkojo utoke. Mlezi ampanguse chini kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu kila anapomnyonyesha, na kunyonyesha kwenyewe ni kila baada ya saa chache, usiku na mchana. (Wenye watoto wachanga watanielewa.) Anywe akiwa kifudifudi. Akilazwa chali, maziwa yaweza kuingia mapafuni.

Pili, hupewa maziwa ya ng'ombe. Hayo humharisha, na kwa kiumbe mdogo hivyo kuharisha huua. Yapo maziwa maalumu ya paka. Aulizwe daktari wa mifugo. Akishaanza kula, apewe dagaa au kuku wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, ambacho ni sumu kwake, mara 3 au 4 kwa siku, na maji safi muda wote. Dagaa peke yake hawatoshi kumkuza. Akiumwa, asipewe parasetamo. Kidonge kimoja chaweza kumuua.

Wapo wanaoogopa najisi. Abu Qatada (RA) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, mkwewe akashangaa, naye akamweleza kuwa Mtume (SAW) alisema paka si najisi. Lakini mkojo na kinyesi chake ni najisi. Beseni lake la mchanga liwe mbali na mahala pa kuswalia, lisafishwe kila siku, na mjamzito asilishike, kwani kinyesi cha paka chaweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru mimba. Akitimiza miezi 3 apelekwe kuchanjwa kichaa cha mbwa, maana paka naye huambukiza.