Mti wa Kanivali, na Kupambanua Ada na Ibada

Katika mji wa New Orleans, ulioko Louisiana katika nchi ya Marekani, kuna nyumba ambazo mti wa Krismasi hauondolewi upitapo mwezi wa Desemba. Ifikapo tarehe 6 Januari, siku ambayo Wakristo hukumbuka mamajusi waliokwenda kumzuru Nabii Isa, alayhi salaam, mapambo ya kwanza hushushwa, kisha mti ule ule hupambwa upya kwa rangi tatu: zambarau, kijani na dhahabu. Hapo huitwa mti wa Kanivali, nao hukaa ukumbini mpaka Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, iitwayo Mardi Gras, yaani Jumanne ya Mafuta.

Msikiaji wa khabari hii huenda akakata shauri upesi kwamba mti, rangi na shanga zote ni ibada. Wala si hivyo. Kupambanua ada na ibada ni elimu, na elimu hii haipatikani ila kwa kuuliza kila jambo lilianza lini, na nani aliyelianzisha.

Ama mti wenyewe, katika Injili hapana amri ya kuuweka nyumbani. Ni desturi ya Wajerumani. Khabari za mji wa Strasbourg za mwaka 1605 zataja miti iliyosimamishwa vyumbani, imetundikwa matofaha na mawaridi ya karatasi. Kwa Waingereza ilienea zaidi baada ya mwaka 1848, gazeti la London lilipochapa picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, naye ni Mjerumani, pamoja na watoto wao kando ya mti.

Rangi asili yake ni ya karibu zaidi. Mwaka 1872 kilianzishwa chama cha Rex, chenye kumtawaza mfalme wa mchezo, mfano wa vyama vya beni vilivyokuwako pwani zamani. Rex ndicho kilichotoa amri ya mzaha kwamba nyumba zipambwe kwa rangi zile. Maana yake haikutangazwa mpaka 1892: zambarau uadilifu, kijani imani, dhahabu uwezo. Rangi zilitangulia miaka 20, maana ikafuata nyuma! Na ada nyingi ndivyo zipatavyo heshima: hutendwa kwanza, sababu ikatafutwa baadaye.

Shanga za mtini ni zile zinazorushwa na watu wenye barakoa juu ya magari ya maandamano. Zamani zilikuwa za kioo. Siku hizi nyingi ni za plastiki, zatoka China. Pamoja nazo hutundikwa sarafu nyepesi za alumini, ambazo Rex ilianza kuzirusha mwaka 1960. Mwaka 2021, maandamano yalipozuiliwa kwa ajili ya Korona, watu walipamba nyumba nzima kama magari, mti ukawa pambo dogo. Mti wa kukatwa, ukikaa tangu Desemba, hukauka ukawa kuni tupu chini ya taa za umeme. Mwenye akili hutumia wa plastiki.

Basi ibada iko wapi? Iko katika saumu inayofuata. Jumanne ile ilikuwa ya kumaliza nyama na mafuta kabla ya Kwaresima, na atakayecheka na akumbuke vunjajungu la mwisho wa Shaabani. Hapana adaiye kwamba jungu ni sehemu ya saumu. Lakini wako ambao jungu huwashinda, wakaingia Ramadhani na deni la duka.

Kwa Muislamu aliyehamia huko suala hili si la mchezo. Mwanawe akiitwa na jirani kutundika shanga, ajibu nini? Jibu la mwenye elimu halifanani na la mwenye hasira. Hujua kwamba shanga haziabudiwi. Tena hujua kwamba mti ule ulisimamishwa kwanza kwa sikukuu ya dini isiyokuwa yake, na kwamba ulevi umezizunguka siku zile. Hukataa anachokikataa kwa jina lake, wala hamzulii jirani shirki asiyoifanya.

Saa sita ya usiku wa Jumanne ile, askari wa farasi hupita katika Bourbon Street kuwaondoa watu. Asubuhi yake wenye kushika dini huenda kanisani kupakwa majivu katika paji la uso, na nyumbani shanga huvuliwa, mti ukatolewa nje.