Somo la 18: «Ndiyo» si «yes» kila mara

Watoto wapenzi, ninyi wa Nyankunde mnajua Kiswahili, na shuleni mmejifunza Kifaransa. Sasa mnaanza Kiingereza. Lugha hii itawafaa. Jirani zetu wa Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, wanaitumia mashuleni na serikalini. Tena tangu mwaka 2022 nchi yetu ya Kongo imo pamoja nao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba «yes» na «no» ni maneno mepesi kupita yote. «Yes» ni ndiyo, «no» ni hapana, basi. Lakini maneno hayo madogo yana mtego.

Fikirini mgonjwa amelala hospitalini. Daktari mgeni, asiyejua Kiswahili, anamwuliza: «Haven't you taken the medicine?» Maana yake: Hujanywa dawa? Kweli, mgonjwa hajanywa. Moyoni anajibu kwa desturi ya Kiswahili: «Ndiyo, sijanywa.» Mdomoni anasema: «Yes.» Daktari anasikia nini? Anasikia kwamba mgonjwa amekwisha kunywa dawa! Labda atamwacha bila dawa mpaka kesho. Na kama mgonjwa amekwisha kunywa, naye akajibu «No», labda atapewa dawa mara ya pili. Neno ni moja tu, lakini hatari ni kubwa.

Sababu yake ni nini? Katika Kiswahili twajibu maneno ya mwenye kuuliza. Akisema «hujanywa», nasi kweli hatujanywa, twamwitikia: «Ndiyo.» Mwingereza haangalii maneno ya mwenye kuuliza. Huangalia jambo lenyewe: limefanyika au halikufanyika? Kama limefanyika, husema «yes». Kama halikufanyika, husema «no». Tazameni:

Hujanywa dawa?
Ndiyo, sijanywa. = No, I haven't.
La, nimekwisha kunywa. = Yes, I have.

Hapa Kifaransa kitawasaidia. Mtu akikuuliza, «Tu n'as pas mangé?», nawe umekula, husemi «oui», wasema «si». Kama hukula, wasema «non». Basi, mahali pa «si» hiyo, Kiingereza husema «yes». Mahali pa «non», husema «no».

Shikeni vema kanuni hii: «yes» haifuatani na «not». Jibu lenye «not» ndani yake huanza na «no». Tena msijibu kwa neno moja. Semeni jibu zima, kusudi mwenye kuuliza asikosee. Na mtu akiwaomba kumtafsiria mgonjwa, mwulizeni mgonjwa hivi: «Umekunywa dawa, au bado?» Hapo hawezi kujibu «ndiyo» tupu. Atasema «nimekunywa», ao atasema «bado», nanyi mtajua la kumwambia daktari.

ZOEZI

Jibuni kwa Kiingereza, kwa jibu zima.

1. Jana hukuja shuleni. Mwalimu anauliza: «Didn't you come to school yesterday?»
2. Unayo kalamu mfukoni. Mwenzako anauliza: «Don't you have a pen?»
3. Mama yako yuko shambani. Mgeni anauliza: «Isn't your mother at home?»

Jibuni kwa Kiswahili.

4. Daktari alielewa nini mgonjwa aliposema «Yes»?
5. Kwa nini swali «Umekunywa dawa, au bado?» ni jema kupita swali «Hujanywa dawa?»