Gobole na risasi inayolifaa: maswali na majibu

Kuanzia Kilosa mjini hadi Mikumi, kwa njia ya Ulaya na Zombo, gobole si kitu kigeni. Wapo waliolirithi kwa babu zao na kulisajili, na siku hizi wapo wanaoulizia magobole mapya ya kiwandani, yanayopiga risasi iliyovikwa kikombe chembamba cha plastiki kiitwacho sabo. Majibu haya ni ya mtu mwenye silaha iliyosajiliwa na leseni ya kuwinda mkononi. Asiyekuwa navyo aanze na swali la sheria huko mbele, kabla hajafikiria shabaha.

Shikamoo mzee. Niko Ulaya, huku huku Kilosa. Gobole nililoachiwa na babu halipigi mahali pamoja mara mbili: mara kushoto, mara chini. Nikitafuta sabo, shabaha itatulia?

Marahaba, mwanangu. Haitatulia. Kwanza ondoa fataki, kisha hakikisha gobole halina kitu ndani: tumbukiza mdeki mpaka uguse mwisho, uutoe, kisha uulaze nje ya mtutu ulinganishe urefu. Ukiona umeishia juu ya pale mtutu unapofungwa, kuna shehena ya zamani humo ndani. Usiiguse, mpelekee fundi mwenye leseni. Likiwa tupu, mulika tochi mdomoni na upapase ukingo wa ndani kwa kidole. Bunduki ya shabaha ina mifereji iliyojipinda kutoka nyuma hadi mbele. Mifereji hiyo ndiyo inayoizungusha risasi, na risasi inayozunguka haiyumbi angani. La babu yako bila shaka ni laini kama bomba.

Ulaini huo una historia yake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za mifereji na za kujazwa nyuma katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Kwa hiyo zilizobaki mikononi mwa watu wetu ni zile ambazo nchi za Wazungu zilikuwa zimekwisha kuziacha. Mkulima wa Usagara, huku kwetu, hakuwahi kuchagua kupiga ovyo. Alipewa chombo ambacho hakikuundwa kulenga mbali.

Sabo hutegemea mifereji. Ikipita katika mtutu laini, haizungushi kitu, na risasi ndefu isiyozunguka hupinduka angani na kupiga ubavu. Bora ubaki na gololi ya duara.

Basi nishindilie nini?

Gololi moja ya madini ya risasi, laini, ya duara kamili, iliyofungwa ndani ya kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta. Siri yote iko katika nafasi iliyopo kati ya gololi na ukuta wa mtutu. Bunduki ya askari wa Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na tundu la milimita 19 hivi na gololi ya milimita 17.5. Ilipakiwa haraka, lakini gololi iligongagonga kuta njia nzima, na upande iliogonga mwisho ndio ulioamua itakwenda wapi. Kitambaa huziba nafasi hiyo. Kwa tundu la milimita 12.7, gololi ya milimita 12.4 na kitambaa cha unene wa kama milimita 0.4 ni mwanzo mzuri. Pima mtutu wako mwenyewe, usikisie kwa macho.

Ukishapiga, tembea mbele ukaokote kitambaa. Kikiwa kizima, kimechafuka katikati tu, umepatia. Kikiwa na tundu lililoungua, mafuta hayatoshi au kitambaa ni chembamba, na moto umepita pembeni ya gololi. Kikikatika kwa mstari mkali, ukingo wa mdomo wa mtutu una makali. Hiyo ni kazi ya fundi, usijaribu kuupiga tupa nyumbani.

Wengine huku hushindilia vipande vya nondo, misumari na kokoto. Kwa karibu si inaua?

Inajeruhi. Kipande cha nondo hakina umbo la kukaa sawa angani, hukwaruza mtutu, na kikikwama njiani mtutu unaweza kupasuka mbele ya uso wako. Mnyama hupigwa tumbo au paja, akaenda kufa baada ya siku mbili kwenye makorongo ya Mkata. Nguruwe pori au nyati aliyejeruhiwa hakimbii tu. Hujibanza kichakani, na anayekutana naye asubuhi si wewe uliyempiga, ni mama anayekwenda kuokota kuni. Huu si uwindaji, na sitamfundisha mtu namna ya kuufanya vizuri zaidi.

Nina gobole la kisasa la milimita 12.7, lenye mifereji. Nichague vipi risasi na sabo?

Anza na mtutu, sio na risasi. Tafuta mfereji unajipinda mzunguko mmoja kwa urefu gani. Mara nyingi imechorwa juu ya mtutu au imo kwenye kijitabu cha kiwanda. Mzunguko mmoja kwa sentimita 70 hivi ni wa haraka, unafaa risasi ndefu na sabo. Mmoja kwa sentimita 165 au zaidi ni wa polepole, wa gololi na kitambaa. Wa sentimita 120 uko katikati: hukubali vyote viwili, lakini mara chache huvipenda vyote sawasawa. Gololi fupi katika mifereji ya haraka, ukiongeza baruti, huteleza juu ya mifereji badala ya kuifuata. Risasi ndefu katika mifereji ya polepole haipati mzunguko wa kutosha na huyumba.

Sabo zilienea Marekani baada ya Tony Knight kuleta gobole lake la MK-85 mwaka 1985, lenye fataki iliyonyooka nyuma ya baruti. Zilimwezesha mwindaji kupiga risasi nyembamba, ya milimita 11.5 au 10.9, katika tundu la 12.7. Plastiki hushika mifereji, huizungusha risasi, na ikitoka mdomoni hufunguka na kuanguka. Jimbo la Colorado limezikataa sabo katika msimu wake wa magobole, kwa sababu linataka msimu huo ubaki wa kuwinda kwa karibu. Binafsi nauheshimu uamuzi huo.

Vitu viwili vikae sawa: risasi ndani ya sabo, na sabo ndani ya mtutu. Ukisukuma kwa mdeki, ishuke kwa nguvu ya mkono isiyobadilika kuanzia juu hadi chini. Ikitaka kugongwa kwa nyundo, imebana mno, na risasi itaharibika umbo kabla haijatoka. Ikishuka kwa uzito wake yenyewe, imelegea, na inaweza kuteleza mbele unapotembea ukiwa umeinamisha mtutu. Hapo hatari ni kubwa kuliko kukosa shabaha, maana pengo likibaki kati ya risasi na baruti, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Weka alama kwenye mdeki ya mahali unapoishia risasi ikiwa imekaa vizuri juu ya baruti. Alama isipofika, usipige.

Nitajuaje kuwa mchanganyiko fulani ndio wenyewe?

Jaribu mahali panaporuhusiwa, kwa mita 50, bunduki imelazwa juu ya mfuko wa mchanga. Piga risasi tatu, kisha badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha sabo na baruti siku hiyo hiyo, hutajua kilichosaidia. Baina ya risasi na risasi pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo halafu kikavu, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi hupunguza tundu, na risasi ya tatu haiingii kama ya kwanza. Matundu matatu yakifunikwa na kiganja kimoja, umepata.

Kisha kaokote sabo, huwa mita chache mbele. Zitazame kama kile kitambaa cha gololi kilivyotazamwa hapo juu. Ndimi zake ziwe zimefunguka sawa pande zote. Ulimi mmoja ukichanika, risasi ilisukumwa upande mmoja ilipokuwa ikiachana nao. Kitako kikiyeyuka au kutoboka, gesi inapita: punguza baruti, au tafuta sabo yenye kitako kinene.

Joto la Kilosa lina madhara?

Ndiyo, hasa kwa sabo. Plastiki hulainika mtutu ukipata moto, na risasi ya tano ya mfululizo adhuhuri haitakwenda ilikokwenda ya kwanza. Subiri kivulini mpaka mtutu uweze kushikwa bila kukunja uso. Wakati wa masika adui ni unyevu: masizi hunyonya maji na kula chuma usiku mmoja. Osha kwa maji ya moto na sabuni siku hiyo hiyo, kausha, paka mafuta.

Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina nguvu zaidi. Niitumie?

Hapana. Shinikizo lake linapasua mtutu wa gobole. Tumia baruti ambayo mtengenezaji wa bunduki yako ameitaja, kwa kipimo chake.

Nipige kwa umbali gani?

Gobole laini lenye gololi iliyobana: mita 30, zikizidi sana 40. Mifereji na gololi ya gramu 11 hivi: 70. Sabo katika mtutu wa haraka hufika mita 150, lakini umbali wako wewe ni ule ambao risasi zako tatu bado zinakaa ndani ya kiganja, na hauendi zaidi ya hapo hata bunduki ikiweza.

Sheria inasemaje? Naishi Mikumi, wanyama wanapita mlangoni.

Mnyama anayepita mlangoni bado ana sheria yake. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Ndani yake hakuna kuwinda, na kuingia na silaha bila kibali ni kosa. Kumbuka kwamba barabara kuu ya kwenda Morogoro inakatiza katikati ya hifadhi hiyo, kwa hiyo uliza kabla hujapakia bunduki kwenye gari. Umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji nje ya hifadhi na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Leseni ya moja haikupi nyingine. Nenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, mtajie mnyama na silaha yako, akuambie kama silaha hiyo inakubaliwa kwa mnyama huyo. Gobole lisilosajiliwa, au lililochongwa mtaani kwa bomba, halina mchanganyiko mzuri wa risasi: lisalimishe polisi. Polisi hutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, vitumie.

Nyama iliyopigwa kwa madini ya risasi ina madhara kwa watoto?

Inaweza kuwa nayo. Madini hayo ni sumu, na hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Risasi ikigonga mfupa hutawanya chembe zisizoonekana, mbali na tundu lenyewe. Kata nyama kwa upana kuzunguka jeraha. Jimbo la California, Marekani, limepiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote tangu Julai 2019, na moja ya sababu ni tai wanaokufa kwa kula mabaki. Mwenye gobole la sabo anaweza kutumia risasi ya shaba, akiijaribu upya kwa mita 50, maana ni ndefu zaidi kwa uzito ule ule. Nyama iliyopondeka na matumbo usimtupie mbwa wala usiyaache porini. Chimba shimo uyafukie.